Ufa Hauzibwi kwa Warsha

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tangu hapo tumeuandikia ripoti na kuutungia hotuba. Tumelegea katika jambo lililo msingi wa mengine yote: kuwafundisha vijana, kwa wingi unaohitajika, kazi ya chokaa.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu, kisha huutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hukosa njia. Chumvi hulitafuna jiwe kwa ndani, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza. Kwa nje nyumba hung'aa; kwa ndani inakufa. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaziba, lakini kwa kitu kinachozaa ufa mwingine.

Watetezi wa saruji husema ni ya haraka na kila fundi anaijua. Ni kweli, na hapo ndipo penye aibu. Kila fundi anaijua kwa sababu ndiyo tuliyomfundisha. Chokaa hutaka subira: huchomwa, humwagiwa maji, huachwa shimoni ilainike. Kipimo chake hujulikana kwa mkono, na mkono haufundwi kwa warsha ya siku tatu. Hufundwa kwa miaka, kando ya mwashi mzee.

Basi wazee hao waajiriwe kama walimu, kwa mshahara wa mwalimu. Mwanagenzi alipwe posho ili asikimbilie bodaboda. Mtihani wake uwe ukuta, na cheti chake kiwe sharti la kupewa kazi katika nyumba yoyote ya kale. Vyuo vikuu, kikiwemo changu, viache kumhesabu mwenye mwiko kuwa chini ya mwenye kalamu.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Sidai kwamba saruji ndiyo iliyowaua. Nasema nyumba ya kale ni kazi ya hatari, na taifa linalowapeleka vijana wake humo bila kuwafunza halina haki ya kujiita mlinzi wa urithi.