Hesabu kwanza, kelele nyuma

Msimu ukifika mwisho, kila mtu ni nabii: «Mazembe itashinda tu!» «Hapana, Lupopo!» Kabla ya kutabiri, hesabu. Ushindi ni pointi 3, sare 1. Zikibaki mechi 2, timu inapata 6 tu. Iliyo nyuma kwa pointi 7 imekwisha kukosa nafasi ya mchujo, hata mukiimba namna gani.

Lakini hesabu haichezi mupira. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, nani alitabiri Mazembe kushinda Internacional ya Brazili? Ilishinda 2-0, ikafika fainali ya klabu za dunia. Aliyetabiri ushindi tena akakosa: Inter Milan iliifunga 3-0.

Basi kijana, tabiri kwa furaha. Lakini feza ya bukari ya watoto usiiweke juu ya mechi.