Kichaa Si Jina la Ugonjwa

Jumapili moja nilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, nikafika Alunguli, nikaingia katika ua wa chumba kimoja cha maombi. Chini ya mwembe alikaa kijana, mguu umefungwa kwa mnyororo wa baiskeli, kufuli dogo likining'inia, ngozi ya kifundo imechubuka hadi nyama. Nikamuuliza mama aliyekuwa akitwanga sombe: ana nini huyu? "Kichaa." Nani amesema? "Watu wote wanajua, papa."

Watu wote wanajua! Huo ndio upimaji wetu wa akili hapa Kindu. Neno moja tumeligeuza gunia, tunatia humo kila anayetusumbua: anayeanguka kifafa, mama aliyefiwa na watoto asiyetaka kula, mtoto aliyechelewa kusema, mlevi wa lutuku, mgonjwa ambaye malaria imempanda kichwani. Tukishalifunga gunia, hatuulizi tena. Kifafa chenyewe Shirika la Afya Duniani halikiweki hata kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Kimo katika magonjwa ya mishipa ya fahamu, na kina vidonge vyake. Lakini mtoto wa kifafa kwetu anaitwa mchawi, ingawa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto yeyote kwa uchawi.

Ndugu wa yule kijana walinieleza jinsi alivyoanza. Usingizi ulimbeba mchana, usiku akawa macho. Tabia ikabadilika, maneno yakaanza kupotea. Jamani, tuko Maniema, nchi ya mbung'o, nzi wanaoeneza malale! Kongo ndiyo yenye wagonjwa wengi wa malale kuliko nchi nyingine yoyote, na malale ikishaingia ubongoni huleta mambo hayo hayo. Tangu 2018 nchi yetu imeidhinisha fexinidazole, vidonge vya kumeza kwa siku 10. Je, shingo yake ilipapaswa kutafuta tezi? Damu ilitazamwa kwa darubini? Hapana. Aliombewa, akafungwa. Sisemi ana malale. Nasema hakuna aliyetafuta, na kumfunga mtu kabla ya kutafuta ni ukatili, hata ukifanywa kwa machozi na nyimbo.

Najua nitakavyojibiwa: orodha hizo ni za Wazungu. Mashaka hayo nayaheshimu, kwa sababu ya historia. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba mtumwa anayemtoroka bwana wake ni mgonjwa, ugonjwa akaupa jina la drapetomania, na dawa aliyoagiza ilikuwa kiboko. Kwa kipimo chake, kila babu yetu aliyewatoroka watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa, kule Kasongo alikuwa mwendawazimu. Kwa hiyo naam, mtu akikubandika jina la ugonjwa, muulize amelipata wapi na linamfaa nani. Ndiyo maana namuuliza mchungaji wa chumba kile cha maombi swali lile lile.

Na isomeni basi hiyo orodha mnayoikataa. Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, linamtaka mganga ahakikishe kwanza kwamba chanzo si pombe, dawa au ugonjwa wa mwili. Huzuni ya msiba haiitwi ugonjwa mpaka ipite miezi 6 na ivuke kabisa desturi za watu wa mfiwa. Anayepandwa na roho ndani ya ibada inayokubaliwa na jamii yake si mgonjwa. Mjane wa Kiislamu anayekaa eda miezi 4 na siku 10, kimya na bila mapambo, kitabu hicho kinamwacha na huzuni yake. Majirani ndio wanaonong'ona kwamba kichwa chake kimeharibika.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya wachungaji. Familia nyingi hufika chumba cha maombi kwa sababu kwenye kituo cha afya hakuna muuguzi aliyefundishwa kuuliza maswali haya. Afundishwe, na vidonge vya kifafa viwepo.

Lakini kijana yule hawezi kuisubiri serikali. Mchungaji, ufunguo unao wewe. Fungua kufuli leo, na kesho asubuhi mtie kwenye mtumbwi, umvushe akapimwe damu. Maombi yako uyaendeleze ukiwa umeketi naye kwenye benchi la maabara.