Bangoka: Go-Pass tunalipa, mnara nani anauangalia?

Wandugu vijana wa Boyoma,

Tarehe 8 Julai 2011 mvua ya radi ilikuwa inapiga wakati Boeing 727 ya Hewa Bora, kutoka Kinshasa, ilitaka kutua Bangoka. Haikufika kiwanjani. Ilianguka porini na watu zaidi ya 70 wakafa. Wengi wetu tulikuwa bado watoto, lakini ile siku hatujaisahau.

Watu walisema: ni rubani. Ndiyo, alikadiria vibaya hali ya hewa. Lakini wizara ya usafiri yenyewe ilitaja mengine: mnara ulikuwa na wafanyakazi wachache, wasio na ujuzi wala leseni, na habari ya hali ya hewa waliyompa rubani haikuwa ya kweli. Soma tena hapo. Mtu yuko juu na abiria zaidi ya mia, haoni chini, na yule anayepaswa kuwa macho yake hana hata leseni!

Sheria ilikuwepo. Sheria namba 10/014 ya usafiri wa anga ni ya 31 Desemba 2010, miezi sita mbele ya ajali. Feza pia zilikuwepo. Go-Pass tunalipa tangu 2009, ilianza kwa dola 10 safari ya ndani na 50 safari ya nje, ati ni ya kutengeneza viwanja. Hauna Go-Pass, haupandi. Sasa hesabu yake, mama wa soko kuu ataisoma wapi?

Na msituambie tuache ndege. Kutoka hapa kwenda Kinshasa ni ndege, ao siku nyingi ndani ya boti juu ya mto. Tangu 2006 Ulaya imekataza makampuni yetu ya ndege. Muheshimiwa akienda Brussels anapanda ndege ya wageni. Sisi tunabaki na hizi zetu.

Kwa hiyo, wabunge wa Tshopo, sheria irekebishwe. Sehemu ya Go-Pass ifungwe kwa ajili ya minara, vifaa vya hali ya hewa na mafunzo ya waongoza ndege. Hesabu ibandikwe kila mwaka ku kila kiwanja, Bangoka kwanza. Na mtu asiye na leseni asikae mnarani, hata akiwa ndugu ya nani.

Barua iko tayari. Kila mbunge wetu ataipata mkononi. Atakayeiunga mkono na atakayeikataa, majina yao wote tutayabandika hapa.