Moto wa Masakta Si wa Chungu Peke Yake

MIEZI ya Juni na Julai, upepo unaposhuka kutoka Mlima Hanang, ambao kilele chake kimepita mita 3,400, wakazi wa Masakta na wa vijiji vingine vya nyanda za juu za Hanang na Mbulu hawawashi moto kwa ajili ya kupika tu. Ugali ukishaiva, moto hauzimwi. Watoto husogea mafigani, wazee hujitanda mablanketi, na kuni huendelea kuteketea hadi usiku mkubwa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, ambaye shida yake ni joto, jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini ndilo linaloeleza kwa nini mipango mizuri ya nishati hupanda milima ya Mbulu ikichechemea.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mtu mwenye nia njema hawezi kulipinga lengo hilo, kwani moshi wa jikoni ni adui wa mapafu ya akina mama na watoto. Wakala wa Nishati Vijijini nao umesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu ya bei. Hata hivyo, mkakati huo, kama jina lake linavyosema, unahesabu chungu, baridi hauihesabu. Mama aliyepata mtungi huchemshia chai ya asubuhi, kisha jioni huwasha kuni zile zile, maana hakuna mkulima mdogo awezaye kununua gesi ya kuota. Mtungi ukiisha, na fedha za kuujaza zikawa zimekwenda kwenye mbolea, sare za shule au dawa, huwekwa pembeni kama pambo. Halafu huandikwa katika taarifa kwamba wananchi hawana mwamko!

Hali ya uchumi inapokuwa ngumu, mambo huzidi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na wenye vyombo vya moto na abiria wao wakapata nafuu. Huko Uingereza, ambako ukomo wa bei ya nishati majumbani ulipanda kwa asilimia 54 mwezi Aprili mwaka huo huo, watu walijadili hadharani kama wale au wapashe nyumba joto, na serikali yao ikalazimika kuwasaidia kulipa ankara. Masakta hakuna anayeletewa ankara ya kuni, na kwa hiyo hakuna anayefikiria kuilipa. Gharama hulipwa kwa miguu na migongo ya wanawake, ambao kila msimu huenda mbali zaidi kutafuta mzigo ule ule. Kuni zikikosekana, huja zamu ya magunzi na mabua ya mahindi. Na hapo ndipo hasara inapoingia shambani. Mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na yale yanayobaki hurutubisha udongo. Yakichomwa, ng'ombe hukonda, maziwa hupungua, na ardhi hunyimwa haki yake. Familia inayoota moto wa mabua inaota mavuno ya mwaka ujao.

Wapo watakaosema umeme umefika vijijini. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini hesabu ni hesabu. Mteja mdogo wa umeme hulipa shilingi 100 kwa uniti, bila kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Hita ya wati 1,000 ikiwashwa saa tatu tu kila usiku hula uniti 90 kwa mwezi, kabla hata taa haijawashwa. Baridi peke yake yatosha kumtoa maskini katika bei ya maskini.

Gesi ya samadi nayo, ambayo wataalamu wa CAMARTEC wa Arusha wameishughulikia tangu miaka ya 1980, inawafaa wenye ng'ombe wa zizini na maji ya kutosha. Tatizo ni kwamba vijidudu vinavyoitengeneza hulegea wakati wa baridi, yaani gesi hupungua katika miezi ile ile inapohitajiwa zaidi.

Wazee wa Kiiraqw walilijua tatizo hili mapema. Nyumba zao za asili zilichimbwa kwenye mteremko, zikaezekwa kwa udongo, na mifugo ikalala humo humo, hata joto la ng'ombe likawa joto la watu. Zilikuwa na giza na moshi, wala hakuna anayedai zirudishwe. Lakini zilihifadhi joto. Bati lililochukua nafasi yake ni safi na ni la kudumu. Mara nyingi, hata hivyo, limekuja bila dari, na usiku joto lote hupaa. Hapana budi hesabu ya nishati ianzie hapo: dari chini ya bati, kuta nene za matofali ya udongo, na jiko banifu la kuni lenye bomba la kutolea moshi, ambalo mwili wake wa udongo hubaki na joto baada ya moto kufifia. Ruzuku inayotolewa kwa mtungi yaweza pia kutolewa kwa dari. Mashamba ya miti ya kuni yakipewa ardhi na halmashauri za vijiji, safari ya mama itafupishwa kuliko kwa semina yoyote.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, baridi ikiwa kali kweli kweli. Maofisa watakaotumwa Masakta kuhesabu majiko wangefika wiki hiyo, wakalala huko usiku mmoja.