Mala huganda kwa jasho la bakteria

Bila shaka umewahi kutengeneza maziwa mala nyumbani. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, unatia vijiko viwili vya mala ya jana, kisha unafunika chombo. Kesho yake yameganda. Je, umewahi kujiuliza ni kazi gani iliyofanyika humo usiku kucha?

Wafanyakazi wenyewe ni bakteria, na mmojawapo huitwa Lactococcus lactis. Kama wewe na mimi, bakteria huyu huhitaji protini ili akue na kuzaana. Protini nazo huundwa kwa asidi amino, mithili ya ukuta unavyojengwa kwa matofali. Asidi amino kadhaa hawezi kujitengenezea. Sharti azipate katika maziwa.

Hapo ndipo penye kazi. Asidi amino zilizo huru katika maziwa ni chache, basi bakteria huikata kwanza protini ya maziwa iwe vipande vidogo. Kisha huna budi kuvivuta ndani, hata kama huko ndani tayari vimejaa kuliko nje. Hilo ni sawa na kupandisha maji mlimani. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nguvu anaitoa wapi? Katika sukari ya maziwa. Akiivunja hupata nishati, ambayo huiweka katika kemikali iitwayo ATP. Vipande vingine vya protini huvivuta kwa kutumia ATP moja kwa moja. Kwa vingine hutumia ujanja: hutumia ATP kusukuma nje chembe ndogo ziitwazo protoni. Protoni hizo husongamana nje zikitaka kurudi, lakini mlango huzikubali tu zikiandamana na asidi amino au kipande cha protini. Ni kama mgeni asiyefunguliwa mpaka afike na mzigo mkononi.

Aliyefumbua siri ya nguvu hii ya protoni ni Peter Mitchell wa Uingereza. Alitoa wazo lake mwaka wa 1961, wengi wakalitilia shaka, lakini mwaka wa 1978 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Sasa turudi jikoni. Sukari ikivunjwa, hubaki asidi ya laktiki, ambayo ndiyo ukali wa mala. Ukali huo ukikaribia 4.6 katika kipimo cha pH, maziwa huganda. Kadiri asidi inavyozidi, ndivyo bakteria anavyotumia nguvu nyingi zaidi kuzuia protoni zisimfurike, hata hatimaye akaacha kukua. Friji nayo hupunguza kasi ya kazi yake, na ndiyo sababu mala hukaa humo siku kadhaa bila kuwa kali mno. Ukitia mala ya jana katika maziwa yanayotokota, utawaua wafanyakazi kabla hawajaanza.

Lakini tahadhari, mama na baba! Ukali wa mala si kinga ya kutegemewa. Viini vya ugonjwa wa brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kuendelea kuishi katika maziwa mabichi yaliyoganda. Chemsha maziwa kwanza, ndipo uwaajiri bakteria wako.