Mabwawa ya Vingunguti

Yapo mambo ambayo watu wa adabu hawapendi kuyataja mezani. Leo hatuna budi kulitaja mojawapo, nalo ni majitaka ya vyoo vyetu.

Sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Huko Buguruni, Tabata na kwingineko nyumba nyingi hutumia mashimo, na shimo likijaa huitwa gari la kunyonya. Gari hilo hupeleka mzigo wake Vingunguti, kwenye mabwawa yaliyo karibu na bonde la Mto Msimbazi. Wako wanaodhani kwamba pale ni mahali pa kumwagia uchafu tu, na dhana hiyo imeleta hasara. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, tope huzama pamoja na mayai ya minyoo, na vijidudu visivyohitaji hewa huanza kuula uchafu. Maji huingia bwawa la pili, lililo pana zaidi, ambamo mwani hupata nguvu ya jua na kutoa oksijeni inayoendeleza kazi hiyo. Mwishowe hukaa katika mabwawa ya kina kifupi, na humo jua, pamoja na siku nyingi za kungoja, huua viini vya maradhi. Kazi yote hiyo hufanywa na jua letu, ambalo hatulinunui kwa mtu.

Lakini mabwawa yana masharti yake. Tope lisipoondolewa, kina hupungua, maji hupita upesi, nayo hutoka yangali machafu kwenda Msimbazi, ambako kandokando yake hulimwa mchicha tunaoula sote, wa Upanga na wa Vingunguti. Na mtu aliyejenga ukingoni mwa bwawa kisha akalalamikia harufu, tunamwonea huruma. Lawama twampa yule aliyemwuzia kiwanja.

Lililo zito kuliko yote ni kutapisha vyoo. Mvua kubwa inyeshapo, wapo wanaotoboa mashimo usiku ili mafuriko yachukue yaliyomo. Kitendo hicho ni kiovu na tunakilaani bila kusita. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka jijini humu, kikaenea mikoani na kuua ndugu zetu wengi. Hata hivyo hatutakuwa wakweli tukilaani kisha tukanyamaza. Mpangaji wa chumba kimoja hupata riziki yake siku kwa siku. Gari hudai malipo yote kwa mara moja, na mara nyingi halifiki mlangoni kwa sababu ya vichochoro. Kumtoza faini mtu asiye na njia nyingine ni kumwadhibu kwa umaskini wake, na chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kuliafiki jambo hilo.

Kwa hiyo twaiomba Mamlaka ya Maji na Halmashauri ya Jiji ziweke vyombo vidogo vya kunyonya vipitavyo vichochoroni, na malipo yake yagawanywe kwa miezi. Gharama ya kuondoa tope iingizwe katika makisio ya kila mwaka, kama vile mishahara inavyoingizwa. Dereva asilipwe mpaka aonyeshe hati ya kwamba amemwaga bwawani. Wenye nyumba nao, ambao hawasahau kodi yao hata siku moja, wabebe gharama ya shimo badala ya kumwachia mpangaji.

Masika huanza mwezi wa Machi. Twataka vyombo hivyo viwe vimefika kabla ya hapo.