Lori Lako Linachakaa, Lakini Hesabu Yako ya Kodi Haijui

Kama unaishi kati ya Kitale na Bungoma, huhitaji kuambiwa jinsi lori linavyozeeka. Kuanzia Oktoba mahindi yanapovunwa Trans Nzoia, lori linaingia shambani kwenye matope, linatoka na magunia hadi juu, halafu linateremka Kiminini kuelekea Webuye. Upande wa Bungoma kuna miwa, kuna soko la Chwele, na kuna safari za Malaba. Springi zinavunjika, tairi zinaisha, injini inaanza kula oili. Kila mwaka lori lako linapoteza thamani, hata kama limeoshwa likang'aa.

Swali langu leo ni hili: je, hesabu yako ya kodi inajua hivyo?

Shemeji yangu ana lori moja la tani saba. Mwaka jana alikuja nyumbani akilalamika kuhusu kodi. Nikamuuliza, "Shemeji, lori ulilinunua kwa ngapi?" Akasema milioni tatu na laki mbili. Nikamuuliza tena, "Na KRA umewaambia nini kuhusu hizo pesa?" Akacheka. "Mimi nililipa lori nikamaliza. KRA wanataka kujua za nini?"

Hapo ndipo wengi tunapotezea pesa. Maoni yangu ni kwamba wenye lori moja au mawili wanalipa kodi kwa njia rahisi bila kupiga hesabu kwanza, na wengine wanalipa zaidi ya vile sheria inataka.

Sheria inasemaje?

Shemeji analipa TOT, ile kodi ya mauzo. Tangu Julai 2023, biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka inalipa asilimia 3 ya mauzo, kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ni rahisi: unachukua mauzo, unatoa asilimia 3, umemaliza. Lakini TOT haiangalii gharama. Dizeli, dereva, utingo, tairi, bima, riba ya mkopo: hakuna kinachopunguzwa. Na lori lenyewe halihesabiwi kabisa.

Njia ya pili ni kodi ya kawaida ya mapato. Hapa unalipa kodi kwa faida, si kwa mauzo. Unatoa gharama zako, halafu unatoa pia punguzo la uchakavu wa lori. Kwa magari ya biashara na mashine nzito za kuchimba udongo, punguzo hilo ni asilimia 25 ya bei uliyonunulia kila mwaka, kwa mafungu yaliyo sawa. Kwa hivyo miaka minne inamaliza bei yote. Kabla ya Aprili 2020, lori la kubeba zaidi ya tani tatu lilipata asilimia 37.5, lakini kila mwaka ilihesabiwa kwa thamani iliyobaki. Mfumo wa sasa ni rahisi zaidi kuufuata hata kama hujasomea uhasibu.

Na jambo ambalo shemeji hakulijua: sheria inamruhusu mtu wa TOT kumwandikia Kamishna wa KRA notisi kwamba anachagua kodi ya kawaida. Si lazima ukae kwenye TOT kwa sababu tu ndiko ulikoanzia.

Tupige hesabu

Tuchukue lori la shemeji, nikizungusha nambari kidogo. Bei ni 3,200,000. Mauzo ya mwaka ni 3,000,000. Gharama zote za kuendesha ni 2,000,000.

Kwa TOT: asilimia 3 ya 3,000,000 ni shilingi 90,000.

Kwa kodi ya kawaida: mauzo ukitoa gharama inabaki 1,000,000. Uchakavu ni robo ya 3,200,000, yaani 800,000. Faida ya kutozwa kodi inabaki 200,000. Shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka zinatozwa asilimia 10, kwa hivyo kodi ni 20,000. Lakini kila mtu binafsi ana nafuu ya kodi ya 28,800 kwa mwaka. Kodi ya kulipa: sufuri.

Miaka minne ya namna hiyo ni shilingi 360,000 ambazo zingeenda TOT. Hizo ni seti ya tairi na pesa ya kubaki.

Lakini usikimbie kuandika notisi bado. Angalia mwaka wa tano. Lori limemaliza punguzo lake, na faida ile ile ya 1,000,000 sasa inatozwa kodi yote. Ukifuata viwango vya asilimia 10, 25 na 30, na ukitoa nafuu, unalipa 208,600. Kwa TOT ungelipa 90,000. Sasa TOT ndiyo nafuu.

Kwa hivyo sisemi TOT ni mbaya. Lori jipya lenye gharama kubwa linafaa kodi ya kawaida. Lori kuukuu lililomaliza punguzo lake, lenye faida nzuri, linaweza kufaa TOT. Anayekwambia njia moja ni bora kwa kila mtu hajaona lori lako. Na kabla ya kuhama, uliza ofisi ya KRA iliyo karibu nawe masharti ya kuhama na ya kurudi.

Mahali watu huteleza

Kwanza, mkopo. Kama lori ulilichukua kwa mkopo, malipo ya kila mwezi yana sehemu mbili: kurudisha deni, na riba. Riba ni gharama. Kurudisha deni si gharama, kwa sababu bei ya lori tayari unaitoa kupitia uchakavu. Ukiandika vyote, umelihesabu lori mara mbili, na siku ya ukaguzi utaulizwa.

Pili, karatasi. Ukinunua lori kwa jirani, mkapeana pesa taslimu na logibuku ikabaki na jina lake, utathibitishaje kwamba bei uliilipa wewe? Andikeni mkataba wa kuuziana, lipa kupitia benki au simu, na ubadilishe jina.

Tatu, kuuza. Ukiliuza lori kwa bei iliyo juu ya thamani iliyobaki kwenye vitabu, ile tofauti inahesabiwa kama mapato. Usishangae.

Nne, ile kodi inayolipwa mapema kwa magari ya kubeba mizigo. Ni shilingi 2,500 kwa kila tani kwa mwaka, au 5,000, ile iliyo kubwa. Kwa tani saba ni 17,500. Wengi hudhani hiyo ni ada imekwenda. Ukijaza ritani ya kodi ya kawaida kufikia tarehe 30 Juni, iandike: inahesabiwa kama kodi ambayo umeshalipa.

Stetimenti peke yake haitoshi

Hapa niseme ukweli, ingawa naandika kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Watu hutuambia, "Mimi kila kitu nalipa kwa simu, rekodi iko." Iko, ndiyo. Lakini stetimenti inaonyesha pesa ilitoka lini na ilienda kwa nani. Haionyeshi ilinunua nini. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS inaweza kukataliwa unapohesabu kodi ya kawaida.

Rudi kwa hesabu ya shemeji. Tuseme nusu ya zile gharama za milioni mbili hazina ankara, zikakataliwa. Faida inakuwa milioni mbili, unatoa uchakavu wa 800,000, inabaki 1,200,000. Kodi inaruka kutoka sufuri hadi 268,600. Yaani mtu aliyehama TOT kwa sababu ya punguzo la uchakavu, lakini hachukui ankara pale kwenye pampu, ameumia karibu mara tatu ya TOT aliyokuwa akilalamikia.

Kwa hivyo ushauri wangu ni wa mtu anayetaka ubaki na pesa yako:

Fungua till ya lori peke yake. Pesa ya mizigo iingie hapo, na dizeli na dereva walipwe kutoka hapo. Karo ya watoto na pesa za chama zitoke kwingine.

Ukilipa, omba ankara ya eTIMS hapo hapo, na utoe namba yako ya PIN. Ukirudi kesho kuiomba, utazungushwa.

Kila mwisho wa mwezi, pakua stetimenti na uilinganishe na ankara. Malipo yasiyo na ankara yatajitokeza yenyewe, na bado utakumbuka ni ya nini.

Weka mkataba wa lori, risiti na stetimenti kwa miaka mitano. Huo ndio muda ambao sheria inataka.

Shemeji alikaa na kalamu karibu saa nzima. Alipomaliza hakufurahi kama nilivyotarajia. Lori lake alilinunua miaka mitatu iliyopita, na miaka hiyo yote alilipa asilimia 3 bila kujua kulikuwa na njia nyingine. "Ningejua," akasema, "ningepiga hii hesabu siku ile nilichukua funguo."

Basi wewe ambaye unapanga kununua lori kabla mahindi hayajakauka, ipige sasa. Chukua daftari, andika bei, mauzo unayotarajia na gharama ambazo kweli utapata ankara zake. Halafu linganisha njia zote mbili.